Daraja Lisilo na Siasa

Ilikuwepo, na huenda bado ipo kama haijauzwa, nchi moja yenye amani nyingi mno, kiasi kwamba ilihitaji askari wengi sana wa kuilinda isimwagike. Nchi hiyo ilikuwa na kila kitu ambacho nchi inapaswa kuwa nacho: bendera, wimbo, mlima wa kuchapishwa kwenye noti, na Waziri wa Mambo Yaliyobaki. Ilikuwa pia na neno moja lililoogopwa kuliko ukoma. Neno lenyewe ni siasa.

Zamani neno hilo lilikuwa la kila mtu. Watu walilitumia sokoni, kwenye vijiwe vya kahawa, hata harusini, na kamusi ya nchi ililieleza kwa mistari mizuri kwamba ni namna watu wanavyopatana juu ya mambo yao. Kisha Serikali ikagundua kuwa neno hilo linashikwa ovyo, na kwamba raia wasio na utaalamu wanaweza kujikata nalo. Ikalichukua, kwa usalama wao. Kurasa husika za kamusi zikabandikwa pamoja kwa gundi ya Serikali, na maana mpya ikatangazwa redioni baada ya taarifa ya habari: siasa ni jambo lolote linalosemwa na mtu ambaye hakuombwa kusema.

Maana hiyo mpya ilileta unafuu mkubwa ofisini. Palipotokea jambo lenye moto, afisa alilielekezea neno hilo kama mtu anayeelekeza mtungi wa kuzimia moto, akasema, "Hiyo ni siasa," na jambo likazimika hapo hapo. Dawa zikiisha hospitalini, siasa. Unga ukipanda bei, siasa. Mkulima mmoja alilalamika kwamba ng'ombe wa diwani wamekula mahindi yake. Uchunguzi ukabaini kuwa mahindi ndiyo yaliyokuwa ya siasa, kwa jinsi yalivyoota yakiwatazama ng'ombe.

Serikali yenyewe haikufanya siasa kabisa. Ilipovaa fulana za chama, ikafunga barabara, ikapiga ngoma na kugawa kofia, hiyo iliitwa utekelezaji.

*

Katika wilaya moja ya nchi hiyo ilijengwa shule ya bweni ya wasichana, tena kwa hekima kubwa. Madarasa yaliwekwa upande huu wa mto na mabweni yakawekwa upande wa pili. Aliyechora ramani alipoulizwa sababu, alijibu kwamba kuuliza sababu ni siasa. Kati ya usingizi na elimu kukaning'inizwa daraja la mbao lenye kamba za chuma.

Matroni wa mabweni hayo aliitwa Bi. Zawena, mwanamke wa mwili ulioshiba, mwenye sauti ya kuamsha bweni zima bila kengele. Bi. Zawena hakupenda siasa hata chembe, na hilo lieleweke mapema, kwa kuwa yeye mwenyewe alilisema mara nyingi kuliko mtu yeyote wilayani. Alichopenda ni shuka zilizotandikwa zikanyooka, na wasichana wanaorudi jioni wakiwa wengi kama walivyoondoka asubuhi.

Hapo ndipo shida ilipoanzia. Mbao za daraja zilikuwa zimeoza, moja baada ya nyingine, bila kuomba ruhusa kwa mtu. Wasichana walijifunza kuruka mapengo huku wamebeba madaftari kichwani. Asubuhi moja, Siwatu wa kidato cha nne, binti mwembamba mwenye mdomo mpana kuliko mabega, alikanyaga ubao uliokuwa umebaki rangi tu. Akazama mpaka kwapani, akaning'inia, akaanguka kwenye maji ya magotini na kuvunjika mkono.

"Mkono gani?" Bi. Zawena aliuliza akimvuta ukingoni.

"Wa kushoto, matroni. Wa kuandikia upo. Mungu naye anajua kuna mtihani."

"Nyamaza wewe, unatetemeka halafu unafanya mzaha!"

Lakini Siwatu alikuwa ametaja jambo lenyewe. Mtihani wa taifa ulikuwa unakaribia, na mvua za vuli nazo zilikuwa zinakaribia, kana kwamba zimeandikiana barua. Mto ule ukijaa hauvukwi kwa miguu wala kuogelewa, na asiyeingia kwenye chumba cha mtihani hapewi mwingine. Anarudishwa kwao. Na huko kwao, wengi wa wasichana wale walikuwa wanangojewa na wachumba wenye umri wa wajomba zao.

Bi. Zawena akajifunga kanga ya pili kiunoni, akaenda kwa mkuu wa shule.

Mwalimu mkuu, Bwana Lihumbo, alimsikiliza mpaka mwisho huku akilitazama dirisha, kana kwamba daraja lingeweza kuchungulia na kumsikia.

"Matroni," alisema taratibu, "mimi nina miaka michache tu nistaafu."

"Mwalimu mkuu, sijagusa kustaafu kwako. Nimesema mbao."

"Ndiyo hivyo. Leo mbao, kesho misumari, keshokutwa utaniuliza fedha za ukarabati zilikwenda wapi. Naijua njia hiyo inavyoteremka. Tafadhali, mama, usituletee siasa shuleni."

"Siasa iko wapi hapo? Mtoto kavunjika mkono!"

"Kavunjika mkono au kavunjishwa? Unaona? Tayari imeingia."

Akamshauri aende wilayani, ambako kuna wataalamu.

*

Wilayani kulikuwa na Idara ya Kutenganisha Siasa na Mambo. Kazi yake ilikuwa kupokea mambo ya wananchi, kuyachuja siasa yote, na kupeleka mbele kile kinachobaki kikiwa safi. Afisa Mchujaji alikuwa kijana nadhifu aitwaye Sengondo, mwenye ubao mweusi, kipande cha chaki na kifutio kikubwa.

"Shikamoo, mama," alisema akisimama, kwa maana alikuwa amelelewa vizuri. "Sema neno lako lote, mimi nitaandika. Usiogope, hapa hatuogopi siasa. Sisi tunaitoa tu, kama mtu anayetoa mawe kwenye mchele."

Bi. Zawena akashusha pumzi, akasema: Shikamoo Serikali. Daraja letu la shule limeoza, watoto wanaanguka mtoni, tunaomba mbao kabla ya mvua.

Sengondo akayaandika maneno hayo kwa mwandiko mzuri, akarudi nyuma hatua kadhaa, akayatazama kama fundi anayetazama nguo kabla ya kukata.

"'Limeoza,'" alisema. "Kitu hakiozi bila mtu kukiacha kioze. Ni nani huyo? Umemnyooshea kidole mtu. Siasa." Akafuta.

"Basi andika limechoka."

"Limechoshwa na nani? Tuendelee. 'Watoto.' Mama, watoto wanatia huruma, na huruma inasukuma watu. Siasa. 'Wanaanguka.' Neno hilo Serikali haipendi kulisikia likiwa karibu na jina lake. Siasa. 'Tunaomba.' Ninyi ni wangapi? Mlikutana wapi? Mlikuwa na kibali cha kukutana?"

"Naomba mimi peke yangu!"

"Mtu mmoja akiomba, wa pili atasikia, na wa tatu ataomba. 'Mbao,' hapo umeingilia mambo ya zabuni. 'Kabla ya mvua,' hapo umeipa Serikali muda, na Serikali haipangiwi. 'Shule' ni jambo la sera. 'Letu' ni hatari kabisa, hilo hata sitasubiri chaki yake itulie." Kifutio kilikuwa kinarusha vumbi jeupe mpaka kwenye nyusi zake. "Inabaki 'daraja.' Hili ni neno zuri. Nimelipenda. Bahati mbaya ndiyo alama ya uchaguzi ya chama fulani cha upinzani kilichofutwa."

Akafuta.

Ubaoni likabaki neno moja, peke yake, limekaa kwenye kona ya juu: Shikamoo.

Sengondo akalitazama kwa furaha ya kweli. "Limetoka safi, mama. Huwa tunabakiwa na ubao mtupu. Hili naliwasilisha ngazi ya juu mwenyewe."

Ngazi ya juu ilishughulika na jambo hilo kwa uzito. Kikao kiliketi, chakula kikaliwa, wajumbe wakasaini posho. Majibu yalimfikia Bi. Zawena shuleni kwa pikipiki, ndani ya bahasha yenye mihuri mbele na nyuma. Aliifungua mbele ya wasichana, akasoma kwa sauti:

"Marahaba."

Kisha Siwatu, mkono wake ukiwa kwenye bandeji, akasema, "Angalau wametuitikia, matroni. Wengine hawaitikiwi."

Bi. Zawena hakucheka. Aliikunja barua ile akaiweka chini ya mguu wa meza iliyokuwa inayumba, na ndiyo kazi pekee iliyowahi kufanya.

*

Wazo la chaga lilitoka kwa wasichana. Chaga ni zile mbao za kitanda zinazobeba godoro, na kila aliyelala bweni anajua kwamba kitanda kinaweza kutoa moja kikaendelea kuwa kitanda, mradi mwenyewe asijigeuze kwa hasira. Kila msichana akatoa moja. Misumari ikanyofolewa kwenye madawati yaliyokufa. Jumamosi, badala ya kufua, bweni zima likateremka mtoni likiongozwa na Bi. Zawena mwenye nyundo.

"Siwatu, kaa mbali, una mkono mmoja."

"Nashikilia misumari kwa meno, matroni."

"Ukimeza je?"

"Nitakuwa na madini mwilini. Daktari kasema nimepungukiwa."

Jioni daraja lilikuwa zima. Halikuwa zuri, chaga zilikuwa fupi na ndefu, na moja ilikuwa imechorwa moyo wenye mshale na jina la kaka fulani wa shule ya jirani. Lakini wasichana walivuka wakirudi, wakavuka tena bila sababu, wakavuka kwa kukimbia na kwa kucheza. Usiku ule Bi. Zawena alilala usingizi wa mtu aliyemaliza.

Jumatatu alifika Mkuu wa Wilaya, Mheshimiwa Mbwilo, na magari mengi kuliko barabara.

Mheshimiwa alikuwa mtu wa heshima kuanzia kwenye viatu. Hakusema "njoo" pale alipoweza kusema "sogea katika uelekeo wa uwepo wangu." Alisimama penye daraja, akaligusa kwa ncha ya kiatu, akageuka na uso wenye majonzi ya kitaifa.

"Nani katenda tendo hili la ukarabati?"

"Mimi, mheshimiwa," Bi. Zawena akasema. "Mimi na watoto."

"Unagombea nini?"

"Sigombei kitu, baba."

"Mama, usitufanye sisi watoto. Katika nchi hii hakuna mtu anayetengeneza daraja bila kugombea. Mimi nimo katika utumishi wa umma tangu ujana wangu, sijapata kumwona. Ni ubunge? Ni udiwani? Sema tu, tujue tunakufunga kwa lipi."

"Wallahi, mheshimiwa, mimi siasa siijui. Watoto wanakwenda kufanya mtihani. Hii si siasa."

"Wanasema hivyo wote," Mheshimiwa akamwambia mwandishi wake, na mwandishi akaandika kwamba wanasema hivyo wote. "Kufanya maendeleo nje ya msimu wa uchaguzi ni kampeni ya mapema. Zaidi ya hapo, daraja hili linavukika. Mwananchi akilivuka atajiuliza, mbona siku zote halikuvukika? Huo ni uchochezi wa mbao."

Askari wakaamriwa wang'oe chaga kama vidhibiti vya kesi. Waling'oa zote, na kwa bidii yao wakang'oa hata mbao chache za zamani zilizokuwa bado zinajikaza. Vidhibiti vikafungiwa kwenye stoo ya shule, upande wa madarasa, na koplo mmoja mwenye soksi zisizofanana akaachwa mlangoni avilinde visitengeneze kitu.

Daraja likabaki kamba tupu. Usiku ule wasichana walilala kwenye vitanda vyenye mapengo, magodoro yakiingia ndani kama matumbo ya wenye njaa, na mvua ikaanza.

*

Siku ya mtihani mto uliamka umejaa. Ulikuwa na rangi ya chai ya maziwa na ulikuwa unapita na magogo, sufuria la mtu na nusu ya banda la kuku. Ng'ambo ya pili, chumba cha mtihani kilikuwa wazi, karatasi za Uraia zimewekwa mezani, na Mheshimiwa Mbwilo amefika na kipaza sauti kuwatakia watahiniwa kila la heri. Alikuwa na hotuba. Watahiniwa walikuwa upande mwingine wa maji, wamesimama katika mvua na kalamu zao ndani ya mifuko ya nailoni.

"Watahiniwa!" kipaza sauti kilinguruma. "Taifa linawatazama!"

"Basi litushike mkono!" Siwatu akapiga kelele.

"Nani huyo analeta siasa?"

Bi. Zawena akamvuta Siwatu nyuma, akasogea yeye mpaka kidole cha mguu kikagusa maji. Alipaza sauti ile ya kuamshia bweni. "Mheshimiwa, tunaomba chaga zetu! Ziko stoo, hapo hapo nyuma yako! Watoto wavuke!"

"Matroni, chaga zile ni vidhibiti! Kuzidai ni siasa!"

Bi. Zawena akafungua mdomo ajibu alivyojibu siku zote. Kwamba hii si siasa. Kwamba wallahi yeye siasa haijui. Maneno yalikuwa pale kwenye ulimi, yamezoea njia. Akawatazama wasichana wake. Mmoja alikuwa analia kimya kimya, yule mwenye mchumba aliyekwisha kuleta posa. Ndipo ukamjia uchovu mkubwa, wa mtu aliyebeba ndoo mwaka mzima kisha akaona haina kitako.

"Ndiyo!" alisema.

"Ndiyo nini?"

"Ndiyo ni siasa! Daraja ni siasa, mbao ni siasa, na watoto kuvuka ni siasa! Nafanya siasa, mheshimiwa! Nimekubali! Haya, sema lingine!"

Kipaza sauti kilikoroma. Mwalimu mkuu Lihumbo alionekana akikaa chini taratibu kwenye tope.

Jambo kama lile halikuwahi kutokea. Watu wote waliowahi kuambiwa wanafanya siasa walikataa, na waliokuwa wanaifanya waliiita utekelezaji. Kwa hiyo Sheria ya Neno, iliyotungwa siku kamusi ilipobandikwa gundi, haikuwahi kukutana na mtu aliyekiri. Sengondo wa Idara ya Kutenganisha, aliyekuwa amekuja na ubao wake kwa ajili ya dharura, aliitwa afungue kijitabu. Akasoma, akarudia, akamnong'oneza Mheshimiwa kwenye sikio. Kulikuwa na kifungu cha mwisho, walichokiweka waheshimiwa wenyewe wakiifikiria siku yao ya kustaafu: kwamba anayefanya siasa ni mwanasiasa, na mwanasiasa hapigwi, haitwi "wewe," anapewa kiti, maji ya chupa, na anaulizwa anataka nini.

Mheshimiwa Mbwilo akarekebisha tai yake. Akainua kipaza sauti, na sauti iliyotoka ilikuwa na asali ndani.

"Mheshimiwa Zawena! Habari za ng'ambo?"

Wasichana wakatazamana.

"Si nzuri!" Bi. Zawena akajibu.

"Poleni sana! Mheshimiwa mwenzangu, kiti chako kipo, ila namna ya kukuletea ndiyo changamoto! Unahitaji nini? Gari? Tunaweza kukupa ujumbe wa kamati ya kuchunguza madaraja! Ina posho nzuri!"

"Nahitaji chaga!"

"Safari ya mafunzo nchi za nje?"

"Chaga!"

Wakashauriana tena. Kisha koplo akaamriwa kufungua stoo, na askari wale wale waliozing'oa wakaanza kuzipigilia, wakining'inia kwenye kamba juu ya mto unaofoka, huku Mheshimiwa akitangaza kwenye kipaza sauti kwamba wananchi wanashuhudia utekelezaji. Hakuna aliyembishia. Wasichana walikuwa wanazitazama chaga zikikaribia, moja moja, kila mmoja akiitambua ya kwake.

Walivuka wawili wawili. Siwatu alisimama kidogo kwenye ile yenye moyo na mshale, akasema, "Jamani, hii mmeigeuza juu chini," kisha akasukumwa akapita. Aliyekuwa akilia alivuka amefumba macho. Bi. Zawena alibaki nyuma mpaka wote wakaingia, akauona mlango wa chumba cha mtihani ukifungwa, na ndipo naye akaanza kuvuka.

Alipofika katikati alisikia misumari ikilia. Askari walikuwa wameanza kung'oa upande wa mabweni, nyuma yake.

"Mnafanya nini nyie?"

"Mheshimiwa, samahani," koplo alisema, na kweli alionekana kuona aibu. "Kibali kilikuwa cha kuvuka. Wamevuka. Vidhibiti vinarudi stoo."

Bi. Zawena akatazama mbele, ambako Mheshimiwa Mbwilo alikuwa anampungia mkono aje kwenye kiti cha plastiki kilichofutwa maji, chenye chupa juu yake. Kiti kilikuwa kizuri. Akavua ndala, akazipanga pembeni. Akaikunja kanga yake mara mbili kama mto, akaiweka juu ya chaga iliyolowa, akakaa chini, katikati ya daraja, miguu ikining'inia juu ya maji.

"Mheshimiwa, tafadhali pisha tung'oe," koplo akasema.

"Ng'oeni."

"Tutang'oaje umekaa kwenye njia yetu ya kurudi?"

"Hilo ni la kwenu."

Mvua ilikuwa inanyesha juu ya kofia ya koplo na juu ya kichwa kitupu cha matroni. Ukingoni kipaza sauti kilikuwa kinaita mheshimiwa, mheshimiwa, kiti chako. Koplo akachuchumaa karibu naye, nyundo mkononi, akashusha sauti.

"Mama, kwani utakaa hapa mpaka lini?"

"Mpaka watoke."

"Wakitoka?"

"Watataka kurudi kulala."

Koplo akafikiri. "Halafu?"

"Halafu kesho kuna Hisabati."